Huruma na Haki Katika Moyo wa Mtoto

Mtoto mdogo akiona nduguye amepewa kipande cha muhogo kikubwa kuliko chake, hulia kwamba ameonewa. Wako wanaosema kuwa kilio hicho ni dalili kwamba mwanadamu huzaliwa na haki moyoni. Lakini hebu tuulize: je, mtoto huyo hulia pia kipande kikubwa kinapomwangukia yeye?

Wataalamu walilijaribu swali hili katika nchi saba, wakatangaza matokeo mwaka 2015. Watoto wa miaka 4 hadi 15 waliketishwa wawili wawili mbele ya vitu vitamu. Mmoja alipewa uwezo wa kuukubali mgawo au kuukataa, na akiukataa, wote wawili hukosa. Katika nchi zote saba watoto walifikia umri wa kuukataa mgawo uliowapunja wao. Bali kuukataa mgawo uliowapunja wenzao kulionekana katika nchi tatu tu, nazo ni Kanada, Marekani na Uganda, tena kwa watoto wakubwa. (Wala tusiwahukumu watoto wa Senegali au Peru kuwa hawana utu, kutupa chakula ili wote wakose si kila mahali huhesabiwa wema.)

Basi kilio cha kwanza ni cha nafsi. Huwa haki pale tu mtoto anapojiweka mahali pa mwenziwe. Mama ampaye mgonjwa maziwa yote na awaite wengine waiguse homa yake. Wataelewa kuliko wakiamriwa kunyamaza.

Hata hivyo, huruma peke yake haitoshi, kwani huelekea kwa yule tumwonaye na kumsahau asiyekuwapo. Bibi Amra binti Rawaha alimwomba mumewe, Bashir, ampe mwana wao Nuuman zawadi, kisha akataka Mtume Muhammad (s.a.w.) awe shahidi. Mapenzi ya mama hayakupungua hapo! Lakini Mtume (s.a.w.) alimwuliza Bashir kama watoto wake wote amewapa vivyo hivyo. Aliposema hapana, alimwagiza amche Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto wake, naye Bashir akairudisha zawadi ile. Angalieni: swali lilihusu ndugu ambao hakuna aliyekuwa amewataja.

Na aliyeisimulia habari hii juu ya mimbari, akiwa mtu mzima, ni Nuuman mwenyewe, yule aliyeikosa zawadi.