"Sasa Hivi" ni Lini?

Mtu akikuambia "nakuja sasa hivi", kisha akatokea baada ya saa nzima, je, amesema uongo? Wengi hulicheka swali hili. Husema hayo ni mazoea tu, na kila mtu anajua maana yake. Sisi tuliofundisha lugha kwa miaka mingi twaona si swali la kuchekwa upesi. Tungependa wasomaji walitazame pamoja nasi, tukianzia mbali kidogo, kwenye Kiingereza.

Hapa Moshi husemwa sana kwamba Mzungu huitunza saa na Mwafrika huiacha ipite. Lakini maneno ya Waingereza wenyewe hayatoi ushahidi huo. Neno "soon", ambalo watoto hufundishwa kuwa ni karibuni au baadaye kidogo, miaka elfu moja iliyopita lilikuwa na maana ya papo hapo. "Anon" nalo lilikuwa papo hapo; likalegea, likawa baadaye kidogo, na leo hulikuti ila katika vitabu vya zamani. "Presently" likapita njia ile ile. Lakini lililotufurahisha siku zote ni "by and by". Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Injili ya Marko sura ya 6, binti wa Herodia anaomba apewe kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by". Msomaji wa leo atadhani binti yule hakuwa na haraka, hata wiki ijayo ingefaa. Kumbe alikitaka pale pale, kabla mfalme hajageuza nia.

Hakuna baraza lililokaa likaamua kuyageuza maneno hayo. Watu walisema "papo hapo" wakachelewa, wakasema tena wakachelewa tena, hata masikio ya wasikilizaji yakazoea kuongeza muda. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo alijifunza neno pamoja na uchelewaji wake.

Vipimo navyo havikusalimika. Beda, mtawa wa Kiingereza aliyeandika juu ya hesabu ya nyakati mwaka 725, aliigawa saa moja katika "moment" 40, yaani kila moja yapata dakika moja na nusu ya siku hizi. Leo "moment" haina kipimo chochote. Ni muda wowote ambao msemaji anakuomba umvumilie. Neno letu dakika, lililotoka kwa Waarabu, asili yake ni kitu chembamba, kidogo sana. Mtume Paulo, aliposema juu ya ufufuo katika 1 Wakorintho 15, alitumia neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kisichoweza kukatwa tena, muda mdogo hata haugawanyiki. Watafsiri wa Biblia yetu wakaweka hapo neno dakika. Twashukuru kwamba hawakuwa na mawazo ya dakika za fundi cherehani.

Basi na Kiswahili chetu kimo safarini. Kitambo zamani kilikuwa kipindi kifupi, na Biblia bado hukitumia hivyo. Leo mtu akisema "tangu kitambo", ana maana ya siku nyingi mno. Mtu huinuka kitini, akashika mlango, akasema "nakuja", huku anakwenda zake. Wageni hushangaa sana. Na kwa kuwa "sasa hivi" imeishiwa nguvu, vijana wametafuta nyingine: "dakika sifuri". Nayo tutaona itadumu miaka mingapi.

Lakini tusiwe wakali bila haki. Mwenyeji akimwambia mgeni wake kwamba chai inakuja sasa hivi, na kumbe kuni ndiyo kwanza zinapasuliwa, hakutoa ratiba. Amesema: usiondoke, tumefurahi umefika. Mgeni anaelewa, anajikalia. Hapo hakudanganywa mtu, na anayetaka kumhesabia mwenyeji dakika ana roho ngumu.

Twaona kosa linaanzia pale anayengoja hawezi kuinuka akaenda zake. Mama amepanda gari la Marangu pale stendi ya Moshi, amekwisha kulipa nauli, mzigo wake umefungwa juu ya gari. Injini inanguruma. Mpiga debe anapaza sauti kwamba wanaondoka sasa hivi, na huku anajua vizuri viti vya nyuma ni vitupu. Mama yule naye si mgeni wa stendi. Anajua gari halijajaa. Lakini afanyeje? Neno lile halikusemwa kumfariji, limesemwa ili nauli yake isirudi. Kwamba wapiga debe wote husema hivyo hakulifanyi kuwa kweli.

Wala tusijitetee kwamba saa si mila yetu. Wazee wa migombani waliokuwa na mfongo, ule mfereji uletao maji kutoka mtoni juu mlimani, waligawana maji kwa zamu, wala hawakuwa na saa mkononi. Walitazama jua. Zamu yako ikiisha, unaziba, maji yanakwenda kwa jirani wa chini ambaye amekwisha kusimama na jembe lake. "Ngoja kidogo tu" haikuwa jambo dogo, maana kidogo chako kilikatwa katika mboga za mwenzako. Aliyeiba muda wa maji aliitwa mbele ya wenzake akatozwa faini. Wazee wale walijua muda una mwenyewe.

Liko neno moja zaidi: karibuni. Kwetu lina maana ya muda mfupi ujao, na tena ni neno la kumkaribisha mgeni. Mtoto aliye Dar es Salaam humpigia mama yake simu, humwambia atafika karibuni, na pengine anaamini asemavyo. Disemba mabasi hupanda kuja Kilimanjaro yamejaa, ndugu wanakuja kula Krismasi nyumbani. Mama aliyeambiwa "karibuni" mwaka juzi na mwaka jana hufagia uwanja tena, akaacha mkungu mmoja bila kuuza. Jirani akimuuliza mtoto anakuja lini, hujibu kwa neno lile lile aliloambiwa.