Kinachodumu Katika Nyumba ya Mbao

Swali la nini hukifanya kitu kibaki kilekile wakati sehemu zake zinabadilika ni la kale katika falsafa, na kwa kawaida hujadiliwa kwa mfano wa merikebu ya shujaa Theseus, ambayo mwandishi wa Kigiriki wa kale Plutarch alisimulia kwamba Waathene waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ileile na wale wakikana. Fumbo hilo, hata hivyo, linauliza kuhusu mbao tu, si kuhusu watu waliosafiri nayo. Nyumba inayokaliwa hulifanya swali kuwa gumu zaidi, kwa kuwa wanaobadilika humo ni wakaazi pia, na pengine imani yao pamoja nao. Kwa sababu hiyo nyumba ya ukoo wa Fairbanks iliyoko Dedham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, inafaa kuchunguzwa na yeyote anayeuliza ni nini hudumu pale vizazi vinapopita.

Wataalamu wa pete za ukuaji wa miti, ambao hulinganisha unene wa pete hizo ili kujua mti ulikatwa mwaka gani, wamebaini kwamba boriti za nyumba hii zilitokana na miti iliyokatwa kati ya 1637 na 1641, na ndiyo maana inatambuliwa kuwa nyumba kongwe kuliko zote zilizosalia Amerika ya Kaskazini miongoni mwa zile zilizojengwa kwa kiunzi cha mbao. Ilijengwa kwa ajili ya Jonathan Fairbanks, mhamiaji kutoka Yorkshire, Uingereza, pamoja na mkewe Grace na watoto wao sita. Katikati lilisimama bomba kubwa la moshi lililojengwa kwa matofali, na kila upande wake palikuwa na chumba kimoja: kimoja cha kupikia na kufanyia kazi za kila siku, kingine cha heshima, ambamo kwa desturi ya wakati ule wenye nyumba walipokea wageni na pia kulala. Kiunzi chenyewe ni cha mwaloni, mti mgumu wa nchi za baridi. Mafundi walichonga ulimi kwenye ncha ya boriti moja, wakatoboa tundu lake katika nyingine, kisha wakakaza kiungo kwa kigingi cha mti, hivi kwamba uzito wote ukabebwa na nguzo na mihimili, na mbao nyembamba za nje zikabaki kuwa kinga ya mvua na theluji. Vizazi vilivyofuata vilipanua upande wa nyuma chini ya paa refu lenye mteremko, kisha vikaongeza bawa kila ubavu, bila kuubomoa moyo wa jengo.

Waliojenga Dedham walikuwa Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulisafisha kanisa la nchi yao na mapokeo waliyoyaona hayana msingi katika Biblia. Kwao hakuna jengo lililokuwa takatifu. Hata mahali pa ibada walipaita nyumba ya mkutano, wakajadili humo pia mambo ya mji, kwa kuwa kanisa, kwa mafundisho yao, ni kundi la waaminio waliofungamana na Mungu na wao kwa wao kwa agano. Dedham ilikuwa na maagano mawili: la mji, ambalo Jonathan alilitia saini, na la kanisa, lililoundwa 1638 na ambalo mchungaji wake wa kwanza alikuwa John Allin. Kuingia katika hili la pili kulihitaji mtu aungame hadharani jinsi neema ilivyofanya kazi moyoni mwake. Jonathan alisita juu ya ungamo hilo, akakaa nje ya kanisa mpaka 1646, alipokubaliwa baada ya mazungumzo mengi ya upendo. Kwa muda huo alikuwa na ardhi na nyumba iliyosimama imara, lakini katika jambo ambalo mji mzima uliliona kuwa la maana kuliko yote alikuwa bado hajaingia.

Nyumba yenyewe inaonyesha kwamba mafundisho hayo hayakuitawala mioyo yote. Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na desturi ya kuchora kwa bikari duara lenye petali sita, au kuficha viatu vikuukuu karibu na bomba la moshi na ndani ya kuta, kwa imani kwamba vitazuia uovu usipenye kupitia matundu ya nyumba. Na alama pamoja na viatu vya aina hiyo vimepatikana katika nyumba hii. Haifai kuwadharau waliofanya hivyo. Mtu aliyefundishwa kwamba ubao ni ubao tu, halafu akalala na wanawe katika usiku mrefu wa majira ya baridi, aliona kwamba kuta zake zinahitaji ulinzi ambao mahubiri hayakuutaja.

Jonathan alipofariki 1668, nyumba ilimwendea John, mwanawe mkubwa, na ikaendelea kurithiwa kwa vizazi vinane. Hapa ndipo swali linapokuwa zito. Mwaloni ulirithiwa kwa wosia, lakini neema, kwa imani ya Wapuritani, hairithiwi. Viongozi wao walilitambua tatizo hilo mapema, na mkutano wa makanisa wa 1662 uliruhusu watoto wa watu waliobatizwa lakini ambao hawakuwahi kuungama nao wabatizwe, utaratibu ulioitwa agano la nusu njia. Haukuweza kuhakikisha lolote kuhusu moyo wa mtu: mwaka 1801 Jason Fairbanks, kijana wa ukoo huu, alinyongwa hapo Dedham kwa kumuua Elizabeth Fales, na wazee wake waliendelea kuishi na jina lile na nyumba ileile.

Chini ya miaka ishirini baadaye swali hilohilo lilifika mahakamani kwa sura ya kanisa. Parokia ya Dedham, yaani walipa kodi wote wa eneo la kanisa, ilimchagua Alvan Lamson, mhubiri ambaye washiriki wengi walioungama imani hawakumtaka. Wakajitenga, wakiamini kwamba wao ndio kanisa na mali ni yao. Mahakama kuu ya Massachusetts iliamua 1820 kwamba kanisa haliwezi kuwapo kisheria bila parokia yake, na kwamba waliobaki ndio wenye haki, ingawa walikuwa wachache. Walioondoka walishikilia kuwa kinachodumu ni watu na imani yao, wakati majaji waliona kuwa ni mahali na mali.

Jibu la seremala ni bora kuliko yote mawili. Kiunzi cha Fairbanks kimedumu kwa sababu kila kizazi kilikubali mbao za nje na vigae vya mbao vya paa vioze badala yake, kisha kikavibadilisha. Pasipo mikono inayorudi tena na tena mwaloni ungeoza kama mti wowote, na pasipo mwaloni mikono hiyo ingekosa cha kushika. Utambulisho wa nyumba umo katika wajibu huo unaopokezwa, na mtu anaweza kuurithi wajibu bila kurithi neema.

Tangu 1904, Rebecca Fairbanks, mkaazi wa mwisho, alipoondoka, hakuna anayelala humo. Nyumba inamilikiwa na ushirika wa wazao, Fairbanks Family in America, na ni makumbusho. Hali yake inakaribia wakfu wa familia, ambamo mali haiuzwi na warithi huwa walinzi tu. Lakini wakfu huwekwa ili manfaa yake yatiririke, na nyumba isiyokaliwa haina budi kutafutiwa manfaa mengine. Hapa manfaa hayo ni ushahidi, na ushahidi una masharti yake: waliotangulia waliongeza mabawa walipopungukiwa na nafasi, lakini walinzi wa leo hawawezi kuongeza hata chumba. Wanapotengeneza ukuta huziacha alama za bikari mahali pake, kwa hiyo wanawalinda mababu walioungama na wale waliosita, pamoja na hofu ambazo hawa wote wasingezitamka mbele ya kanisa.