Nguzo Katika Orodha ya Samani

Jumapili ya tarehe 2 Juni 2019, saa 5:45 asubuhi kwa saa za California, wakati Dar es Salaam na Nairobi ni saa 3:45 usiku, mtandao wa Google ulianza kubanwa katika maeneo kadhaa ya Marekani, hasa upande wa mashariki. Snapchat, Discord na Shopify, ambazo ni wapangaji kwenye mashine za Google, ziliyumba. Kiasi cha asilimia 1 ya watumiaji wa Gmail walipata taabu na akaunti zao; asilimia hiyo ni ndogo mpaka ukumbuke ni ya watu wangapi. Hifadhi ya data ya Google Cloud ilishuhudia trafiki yake ya kawaida ikipungua kwa asilimia 30, kwa kuwa wateja hawakuweza kuifikia. Mambo hayakutulia mpaka saa 10:10 jioni.

Nyaya za faiba zilikuwa nzima muda wote huo. Umeme ulikuwepo, seva zilikuwa zinawaka, na hakuna mdukuzi aliyeingia. Programu inayogawa rasilimali za kompyuta, ikifanya kile ilichoandikiwa kufanya, ilizisimamisha programu zilizokuwa zinauongoza mtandao.

Kisa hiki hakieleweki bila kujua mtandao umegeuka kuwa nini. Zamani si mbali, ruta ilikuwa sanduku lenye jina la mtengenezaji na mafeni yake, na faiawoli ilikuwa sanduku jingine juu yake. Sanduku likifa, fundi alijua lipo kabati gani. Oktoba 2012, kwenye mkutano uliofanyika Darmstadt, Ujerumani, kampuni 13 za mawasiliano, zikiwemo BT, AT&T, Deutsche Telekom na China Mobile, zilitoa waraka zikitaka kazi hizo zitolewe kwenye masanduku maalumu na ziendeshwe kama programu ndani ya seva za kawaida. ETSI, chombo cha viwango chenye makao Ufaransa, kikaibeba kazi hiyo. Google ilikuwa na njia yake, lakini ilielekea kulekule: akili ya mtandao ikae kwenye programu, na programu ikae popote penye nafasi.

Faida zake ni za kweli, na sioni sababu ya kumbeza aliyezifuata. Seva moja inabeba kazi kumi, mteja mpya anawashiwa huduma bila kusubiri kontena kutoka bandarini. Ila waliouza wazo hili hawakulizungumza sana jambo moja. Ruta ikishakuwa programu, lazima awepo wa kuamua ilale kwenye seva ipi, ipewe viini vingapi vya kichakataji, RAM kiasi gani, na itolewe lini. Mwamuzi huyo naye ni programu, tumwite mgawaji. Mgawaji haoni ruta wala faiawoli. Anaona kazi namba fulani inayohitaji kiasi fulani, yenye kipaumbele fulani, inayoruhusiwa au isiyoruhusiwa kusimamishwa wakati wa matengenezo.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Kulikuwa na matengenezo ya aina isiyotokea mara kwa mara, yaliyokusudiwa kugusa seva chache za eneo moja. Programu za udhibiti wa mtandao katika maeneo yale zilikuwa zimesanidiwa kwamba matengenezo yakija, zisimame. Klasta, yaani makundi ya seva, zilizokuwa zinaendesha programu hizo zilikuwa zimewekewa alama kwamba zinaweza kuingizwa kwenye aina hiyo ya matengenezo. Na programu iliyoanzisha matengenezo ilikuwa na kasoro: iliweza kusimamisha klasta kadhaa zinazojitegemea kwa mpigo mmoja, hata zikiwa kwenye majengo yaliyo mbali. Ni kama siku ya kupaka nyumba rangi, mtu ameorodhesha vitu vya kutoa nje, na nguzo zimeandikwa pamoja na makochi na kabati la vyombo. Vibarua hawakukosea, walifuata orodha.

Ripoti ya Google yenyewe ilisema makosa mawili ya kwanza kwa kawaida hayadhuru. Nakubali, na ndiyo maana yanatisha. Kosa linalodhuru siku ileile linasahihishwa siku ileile. Lile lisilodhuru hulala kwenye faili la usanidi, likakaguliwa na kupitishwa, hadi siku litakapokutana na mwenzake.

Mgawaji alipozisimamisha programu za udhibiti, mtandao haukuanguka papo hapo. Umeundwa kuendelea kwa dakika kadhaa ukitumia njia zilezile za mwisho zilizojulikana, hata kama anayeuongoza hayupo. Muda huo ulipokwisha, matangazo ya njia yanayosafiri kwa itifaki ya BGP yakaondolewa kati ya baadhi ya maeneo yaliyoathirika, na uwezo wa mtandao ukaporomoka. Data iliyozoea njia nyingi ikasukumana kwenye chache zilizobaki. Hatua iliyofuata ilikuwa ya busara: vitu vidogo vinavyohitaji haraka vilipewa nafasi, vikubwa vinavyoweza kusubiri vikatupwa. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anatafuta kitu kwenye Google saa zile huenda hakuona lolote.

Wahandisi walipata taarifa ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Kwa kipimo chochote hiyo ni zamu iliyo macho. Lakini chanzo hakikujulikana na automatiki ile haikuzimwa mpaka saa 7:01 mchana, zaidi ya saa nzima baadaye. Zana walizozitumia kuchunguza mtandao zilipita kwenye mtandao uleule uliokuwa umesongwa, zikigombania nafasi na data ya wateja. Ilibidi watumie mipango ya akiba, ukiwemo wa wahandisi kusafiri hadi kwenye vituo salama vilivyojengwa kwa ajili ya siku mbaya kuliko zote. Kampuni yenye nyaya chini ya bahari ikawa inamtegemea mtu aliye njiani kwenda kwenye jengo. Hata kuwaambia wateja ukubwa wa tatizo kulikuwa kugumu, kwa sababu vipimo vyenyewe vilikuwa vimeumia.

Na bado, kujua chanzo hakukutosha. Kwa kuwa nakala zote za programu za udhibiti katika baadhi ya maeneo zilisimamishwa pamoja, data ya usanidi wake ilikuwa imepotea. Ikabidi ijengwe upya na kusambazwa. Usanidi mpya ulianza kusambazwa saa 8:03, na uwezo wa mtandao ulianza kurudi saa 9:19 alasiri. Ukihesabu vizuri utaona kwamba sehemu kubwa ya muda haikuliwa na kosa lenyewe. Ililiwa na kutafuta njia ya kulifikia, kisha kujenga upya kilichopaswa kuwa kimehifadhiwa mahali pengine.

Msomaji anaweza kudhani dawa ni kuwa na seva nyingi na kutozima kitu. Amazon walijaribiwa kutoka upande huo. Tarehe 25 Novemba 2020, siku moja kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, waliongeza seva chache kwenye kundi la mbele la Kinesis, huduma yao ya kupitisha mikondo ya data, katika eneo la Virginia. Kila seva ya kundi lile hufungua thredi moja, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya mfumo endeshi, kwa ajili ya kila seva mwenzake. Ukiongeza seva moja, thredi zinaongezeka kwenye zote. Nyongeza ile ilizivusha seva zote kikomo cha thredi kilichowekwa kwenye mfumo endeshi. Hakuna anayefuatilia kikomo kama hicho kwenye dashibodi, maana RAM ipo, diski ipo, kichakataji kinapumua.

Nyongeza ilikamilika saa 9:47 usiku kwa saa za pwani ya magharibi. Kengele zikaanza kulia saa 11:15 alfajiri, na huduma ikarudi kikamilifu saa 4:23 usiku uliofuata. Seva hazikuweza kuwashwa zote kwa pamoja, kwani seva inayojenga upya ramani yake ya kazi hutumia rasilimali zilezile inazohitaji kuwahudumia wateja. Ukiharakisha, zinaonekana mbovu na kuondolewa tena. Ukurasa wa kuwatangazia wateja hali ya huduma nao ulichelewa kusasishwa, kwa kuwa zana yake ilitegemea Cognito, huduma ya Amazon ya utambulisho, iliyokuwa imeangushwa na Kinesis. Njia ya akiba ilikuwepo, ila ni ya mikono, na waliokuwa zamu hawakuizoea. Dawa ya haraka waliyochagua Amazon ilikuwa kuhamia kwenye seva kubwa zaidi ili ziwe chache.

Usiseme hayo ni ya wakubwa. Mwenye seva tatu zenye OpenStack, programu huria ya kujengea wingu lako mwenyewe, kwenye chumba kimoja cha chuo ana mgawaji pia, naye ana tabia zilezile. Kwa miaka mingi OpenStack ilikuja na mpangilio wa awali unaohesabu kila kiini halisi cha kichakataji kama viini 16 vya kugawa, na RAM mara 1.5 ya ile iliyopo. Kwa tovuti zinazolala mchana kutwa hesabu hiyo inavumilika. Kwa ruta pepe, ile iliyogeuzwa programu, inayopitisha sauti za simu ni balaa, kwa sababu pakiti haingoji jirani amalize ripoti yake ya mwisho wa mwezi. Mashine ya namna hiyo itengewe viini vyake peke yake na RAM isiyokopeshwa, hata mhasibu akilalamika kwamba seva inaonekana haina kazi. Mimi naona ulalamishi huo ni bei nafuu.

Kisha kuna suala la mapacha. Watu huweka faiawoli mbili pepe, moja ikishika zamu na nyingine ikisubiri, wakalala usingizi wakiamini wamejikinga. Hawajamwambia mgawaji kwamba hizo mbili zisikae seva moja. Yeye anaona nafasi ipo seva ya pili, anazipanga zote huko, na siku seva hiyo ikizimika mlinzi na msaidizi wake wanaondoka pamoja. Sheria ya kuwatenganisha ipo kwenye kila mfumo wa maana wa ugawaji, ni mistari michache ya usanidi. Iandikwe siku ya kwanza, pamoja na alama ya kutosimamishwa na matengenezo ya jumla, na usanidi wenyewe uhifadhiwe nje ya klasta inayouendesha.

Jaribio la kujua kama utaifikia mitambo yako mtandao ukikatika halina gharama. Siku ya kazi chache, chukua kompyuta mpakato, ikatie mtandao wa ofisi, kisha mwombe kijana wa zamu afungue konsoli ya seva inayobeba faiawoli. Mwache atafute njia bila kumsaidia. Akikuuliza nywila ya konsoli iko wapi, na jibu likawa imehifadhiwa kwenye mashine pepe iliyo nyuma ya faiawoli hiyohiyo, basi kazi ya wiki ijayo imeshapatikana.