Anayehesabu Nyota Anaijua Hesabu Yako

Andiko: Zaburi 147:3-4



Kijana wetu mmoja hapa Kimana alinijia baada ya ibada. "Pasta, nimealikwa usiku wa kutazama nyota kwa darubini. Si hiyo ni dhambi?"

Mambo haya yako nchini kwetu. Tangu 2014, Mkenya mwenzetu Susan Murabana na The Travelling Telescope wanazunguka na darubini, wakiwaonyesha watoto wa shule na wananchi pete za Zohali na miezi ya Mshtarii.

Nikamjibu: Nenda, mwanangu. Ukiziuliza nyota utaoa lini, hapo umemwacha Mungu. Ukiziabudu, umeanguka (Kumbukumbu la Torati 4:19). Lakini kuzitazama? Mungu mwenyewe alimtoa Ibrahimu nje azitazame (Mwanzo 15:5).

Stima ikipotea hapa kwetu, mbingu zinafunguka. Jioni ya Novemba angalia mashariki: kile kikundi cha nyota zilizosongamana ni Kilimia. Wazee wa Kimaasai hukitazama kujua majira ya mvua. Kwa macho unahesabu nyota sita hivi. Kwa darubini zinakuwa makumi. Na mwanga unaouona ulianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita!

Mungu alimuuliza Ayubu kama anaweza kukifunga Kilimia (Ayubu 38:31). Na Ayubu aliulizwa hivyo akiwa wapi? Majivuni. Mifugo imekwisha, watoto amezika.

Sisi tunaijua hali hiyo. Ukame wa 2022, ng'ombe walikuwa wakilala chini hawainuki. Ndugu mmoja aliniambia, "Pasta, Mungu ametusahau." Siku ile sikuwa na jibu.

Leo soma andiko letu. Mstari wa 3, Mungu anafunga majeraha ya waliovunjika moyo. Mstari wa 4, anahesabu nyota na kuziita zote kwa majina. Hakuna kitu katikati! Mkono ni ule ule. Sisemi ng'ombe watarudi kesho. Nasema hesabu yako haijapotea.

Wiki hii toka nje usiku mmoja, weka simu kando, tazama juu. Kisha mtajie Bwana jeraha lako kwa jina.

Tuombe: Baba, wewe uzijuaye nyota zote, tufunge vidonda vyetu. Katika jina la Yesu, Amina.