Mgeni wa Siku Moja



Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, nazo kwa mtazamo wa kwanza zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Moja yamkaribisha nyumbani, nyingine yampeleka shambani. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye kata yetu ina jina lake, aliitaja hii ya pili katika kijitabu chake juu ya Ujamaa mwaka 1962, ili kuonyesha kwamba katika jamaa ya Kiafrika hakuna aliyekula jasho la wenzake. Lakini liko swali ambalo methali hizi hazikulijibu. Je, mgeni akaaye siku moja tu ana wajibu gani kwa mwenyeji wake? Maana huyo huondoka kabla siku ya jembe haijafika.

Tutazame mji wa Venice, huko Italia. Mji huo umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, na nyumba zake nyingi zasimama juu ya magogo yaliyokitwa katika tope. Barabara zake ni mifereji, hakuna magari, watu huenda kwa miguu au kwa mashua. Kwa miaka mingi meli kubwa za watalii zilipita katikati ya mji. Abiria walishuka asubuhi, wakavuka madaraja, wakapiga picha, na jioni wakarudi melini kula na kulala. Mwaka 1951 wakazi wa mji huo wa kale walikuwa kama 175,000. Mwaka 2022 walipungua wakawa chini ya 50,000. Ziko sababu nyingine pia, kama vile kazi kuhamia bara na mafuriko ya maji ya bahari, lakini wenyeji wanajua sababu iliyo mlangoni mwao: nyumba ya kupanga imekuwa chumba cha wageni, na duka la mkate limekuwa duka la vinyago. Kijana anayeoa hapati pa kuishi.

Hapa yatupasa tuwe waangalifu, tusihukumu upesi. Abiria mmoja wa meli ile amekosa nini? Pengine ni mwalimu mstaafu aliyeweka akiba miaka mingi ili aone kazi nzuri za mikono ya wanadamu. Hakuiba, hakutukana, alilipia chai yake. Lakini wakija maelfu kama yeye kwa siku moja, mji wazidiwa. Ndiyo taabu ya jambo hili: hakuna hata mmoja aliyeuvunja mji, na bado mji wavunjika. Dhambi nyingine hazina mtu mmoja wa kunyoshewa kidole. Kila mtu amechukua punje moja tu, ghala limekwisha.

Serikali ya Italia ilizikataza meli kubwa kupita katikati ya mji tangu Agosti 1, 2021. Tena mwaka 2024, katika siku zenye watu wengi, mgeni wa siku moja alianza kutozwa euro 5 za kuingia. Anayelala mjini hatozwi ada hiyo, kwa kuwa hulipa kodi nyingine kwa malazi yake. Twaona kwamba nao wanatafuta jembe la kumpa mgeni wao. Lakini je, fedha ni jembe? Sisi twadhani sivyo. Alipaye ada huweza kusema, "Nimelipa, sina deni tena." Apewaye jembe huambiwa kinyume chake: "Tangu leo njaa yetu ni njaa yako." Ada humaliza uhusiano. Jembe huuanzisha.

Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya tu. Meli za namna hiyo hutia nanga Unguja pia, na abiria hutembea Mji Mkongwe kwa saa chache. Wengi huingia katika Kanisa Kuu letu la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere aliyelijenga naye alikuwa mgeni kutoka Uingereza. Lakini alijifunza Kiswahili, akakiandikia sarufi, akatafsiri Maandiko, na mwaka 1882 akazikwa humo humo. Huyo alipokea jembe.

Basi, je, shauri lote ni wingi wa siku? Mtu atuulize, "Na Bwana wetu pale Yeriko?" Ni swali zuri. Luka 19 yatuambia kwamba Yesu alikuwa akipita tu. Angeweza kuuona mji na kwenda zake. Lakini alisimama chini ya mti, akamwita Zakayo kwa jina, akaingia nyumbani mwake. Kabla hajaondoka, mwenyeji alikuwa ameahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na wokovu umeingia katika nyumba ile. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona kweli kweli. Kumbe hata siku moja yatosha, kama mgeni akikubali kumjua mwenyeji kwa jina na kuguswa na habari zake.

Na kinyume chake ni kweli. Mtu aweza kukaa miaka kumi akabaki mgeni wa siku moja. Sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita twalijua hili kuliko watu wa Venice. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha mwaka 2009, ukasimama mwaka 2021. Wangapi wamekuja kwetu kwa ajili ya dhahabu, wakubwa kwa wachimbaji wadogo, wakisema, "Mimi nipo hapa kwa kazi tu"? Asemaye hivyo hapandi mti, haulizi kisima cha kijiji kina maji gani, wala hajui jina la mama amuuziaye uji.

Lakini nasi wenyeji tujiulize. Jumapili twawasimamisha wageni, twawapigia makofi, kisha twawaacha waketi. Je, makofi yale si ada yetu ya kuingilia? Tumelipa, hatuna deni. Baada ya ibada ni nani amwendeaye mgeni kumwuliza anakaa mtaa gani, na kama ana mgonjwa nyumbani? Ni nani amkabidhiye ufagio, au nafasi katika kwaya, au zamu ya kuwatazama wajane?

Salamu yetu ya "Mwangaluka" haiishi kwa neno moja, huendelea mpaka watu wawili wajuane wametoka wapi. Tuanzie hapo. Mgeni tumpe chakula siku ya kwanza, wala tusione haya kumpa jembe siku ya tatu. Na tuwapo sisi safarini, hata kwa siku moja, Mungu atujalie kuulizia jina la mwenye nyumba.