Sataranji kwa Mizani ya Kishafii

Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Miono, Saadani na Bagamoyo, huuhesabu mchezo wa sataranji kuwa makuruhu, si haramu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameliandika hilo katika Minhaj al-Talibin, na hapo hapo akaiharamisha nardi, mchezo wa dadu. Hoja ya mafakihi ni kwamba kwenye nardi huamua dadu, na kwenye sataranji huamua akili.

Hoja hiyo ina uzito. Machi 1924, mjini New York, Richard Réti alikutana na bingwa wa dunia, José Raúl Capablanca, aliyekuwa hajafungwa kwa karibu miaka 8. Réti alianzia pembeni. Hakukimbilia kujaza askari katikati kama ilivyozoeleka. Alitoa farasi, akasogeza askari wa ubavuni, kisha maaskofu wake wawili akawaweka pembezoni wailenge katikati kwa mbali. Askari aliyekuwa mbele ya malkia alifika mraba wa kati katika hatua ya 16, na katika hatua ya 31 Capablanca akasalimu amri. Bahati haina nafasi humo: kila kete iko wazi mbele ya wote wawili, kinachofichika ni nia.

Lakini fikra hizo zinazoinusuru sataranji ndizo zinazoitia hatarini, kwa kuwa aliyezama hivyo adhana humpita. Ndiyo maana mchezo ukimpotezea mtu wakati wa sala huingia kwenye haramu, na dau likiwekwa na pande zote mbili huwa kamari. Hata drafti ya vizibo vya soda inayochezwa vibarazani haikwepi masharti hayo. Mashindanoni saa ya mchezaji haimsubiri, ila kwa idhini ya mwamuzi anaweza kwenda kusali huku dakika zake zikikatika. Hiyo ni hasara ya mchezo tu, na muumini anapaswa kuikubali.

Zawadi ya fedha ni ngumu zaidi. Minhaj inaitaja sataranji miongoni mwa michezo isiyosihi kushindaniwa kwa malipo, tofauti na kurusha mishale au mbio za farasi na ngamia. Kwa hiyo kiingilio kinachochangwa na washiriki kisha akapewa mshindi hakina njia katika madhehebu haya, hata kama watu wamecheza kwa adabu na sala zote zimesaliwa kwa wakati.