Mbele ya Nyumba Yako



Tarehe 11 Oktoba 2020 ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, tukasalimiana mlangoni, tukarudi majumbani kula. Kabla siku haijaisha, moto ulikuwa umeshika mlimani, pale Whona, mahali wapagazi na wageni wao wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo. Usiku ule hata waliokuwa Moshi mjini waliuona: mstari mwekundu umelala juu ya giza la Kilimanjaro, kama kovu linalofunguka upya.

Mimi nilikuwa uani kwangu, nimesimama na mikono nyuma. Nikasema, "Jamani, serikali iko wapi?" Nikaomba dua fupi, nikaingia ndani, nikalala. Nimetubu dhambi nyingi katika maisha yangu, lakini ile ya kulala usiku ule imenichukua muda mrefu kuitambua kuwa ni dhambi.

Kwa maana walikuwapo waliopanda. Walipanda askari wa hifadhi na watu wa Zimamoto. Walipanda wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori, Mweka, waliokuja kusoma wakajikuta wanapigana. Na walipanda wanavijiji, vijana wa vihambani, watu wasio na sare wala cheo. Jumla yao walikuwa mamia. Kule juu, zaidi ya mita 3,000, hakuna gari la zimamoto linalofika, wala mpira wa maji. Silaha ni panga, jembe na tawi bichi. Unausogelea moto hadi nyusi zinanuka, unaupiga kwenye shina la ulimi wake, unaukandamiza, unapiga tena. Nyuma yako wenzako wanafyeka na kuparua nyasi hadi udongo mtupu, ili moto ukifika pale ukose cha kula. Mchana moshi unakukaba koo. Usiku baridi inakuuma mifupa, na hewa ni nyembamba, na ule uliodhani umezimika unakuchekea kutoka chini ya mizizi, kwa sababu moto wa kule juu huingia ardhini ukajificha, ukafuka kimya, ukaamka upepo ukirudi. Siku zikafuatana hivyo. Takriban kilomita za mraba 95 ziliungua.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto ukawaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga. Oktoba tena! Je, tunahitaji nabii gani mwingine wa kutuambia kiangazi kinakuja lini?

Fungueni Biblia zenu nyumbani, Kitabu cha Nehemia, sura ya tatu. Wengi wetu huiruka sura ile kwa kuwa imejaa majina. Leo msiiruke. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto, na Nehemia akawapanga watu kuujenga upya. Ni nani walioujenga? Kulikuwa na makuhani. Kulikuwa na mafundi wa dhahabu, watu wenye vidole laini vya kushika vitu vidogo, wakabeba mawe. Kulikuwa na mtengeneza manukato! Kulikuwa na mkuu mmoja aitwaye Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Kati ya hao hakuna aliyesema, "Hii si fani yangu." Na mara kwa mara sura inarudia jambo lile lile: huyu akajenga palipoelekea nyumba yake, na yule palipoelekea chumba chake. Nehemia aliijua mioyo ya watu. Alijua mtu atalinda kwa nguvu zote kipande cha ukuta ambacho, kikianguka, adui ataingilia kitandani kwa mwanawe.

Basi niambie, wewe wa Marangu, wewe wa Kilema, wewe wa Machame, wewe wa Rombo: ni nini kilicho mbele ya nyumba yako? Toka nje asubuhi, inua macho. Ni msitu. Na juu ya msitu ni mlima. Huo ndio ukuta wako.

Msinielewe kwamba nahubiri juu ya miti kwa ajili ya miti. Nahubiri juu ya maji ya kupikia uji. Sisi watu wa mlima huu tumekua tunalilia theluji. Kila mwaka tunaitazama ikipungua, tunasikitika, na ni haki kusikitika. Lakini sikilizeni. Mtafiti mmoja Mjerumani, Andreas Hemp, ameutembea mlima huu kwa miongo mingi akiipima mimea yake, na mwaka 2005 alitoa neno ambalo lingepaswa kusomwa katika kila mkutano wa kijiji: kwamba kwa habari ya maji, hasara ya msitu unaoungua ni kubwa kuliko hasara ya barafu inayoyeyuka. Ile miti ya Erica iliyo juu kabisa ya msitu, yenye majani madogo kama sindano na ndevu za kuvumwani zikining'inia, hukamata ukungu. Wingu linapita, mti unalichana, matone yanadondoka, ardhi inakunywa, chemchemi inajaa. Moto umeila miti hiyo na kuushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970. Wingu sasa linapita juu ya majivu, halina wa kulishika, linakwenda zake.

Na maji hayo yanaenda wapi? Yanaingia katika mifongo iliyochimbwa na babu zetu, yanamwagilia migomba na kahawa, yanashuka tambarare kwa wakulima wa mpunga, yanaingia bwawani, kisha Mto Pangani unayachukua hadi Bahari ya Hindi, yakizungusha mitambo ya umeme njiani. Na bwawa lile linaitwaje, wapendwa? Linaitwa Nyumba ya Mungu. Sikulipa mimi jina hilo. Lakini kila ninapolitamka moyo wangu unashtuka, kwa kuwa mrina asali anayeacha kienge chake kikifuka msituni, na mchoma mkaa anayekimbia doria akiacha tanuri linawaka, na mkulima anayechoma shamba mchana wa upepo, anapunguza maji katika Nyumba ya Mungu.

Wewe unayefanya hivyo na unasoma haya, sitakulaani. Nakuomba uache. Mwambie Mungu wako leo, kisha mwambie mwenyekiti wa kitongoji wapi umezika tanuri.

Najua utaniambia, "Mchungaji, liko Jeshi la Zimamoto kwa ajili hiyo." Liko. Namba yake ni 114, iandike ukutani kwa mkaa ikibidi, mfundishe mtoto. Nawaheshimu watu wale na kuwaombea. Lakini kadiria mwenyewe. Gari litoke mjini, lipande lami, liache lami, liingie barabara yetu ya vumbi yenye kona na mitaro, lifike mahali ambapo barabara imekuwa njia ya ng'ombe kati ya migomba. Hata dereva awe malaika, nusu saa ya kwanza ni ya jirani. Na moto wa nyumba huamuliwa katika nusu saa ya kwanza. Mmeona nyumba zetu zilivyo: jiko la kuni linagusana na banda, juu ya banda kuna dari iliyojaa majani makavu ya ng'ombe, na siku hizi kando ya mafiga kuna mtungi wa gesi.

Niliwahi kushuhudia moto wa namna hiyo, sitasema ni kwa nani. Watu walikuja wengi, tena kwa mbio, kwa kuwa watu wetu wana huruma. Lakini walikuja mikono mitupu. Mmoja alimwaga maji juu ya mafuta ya kula yanayowaka, moto ukaruka hadi kenchi. Wengine walikuwa wanatoa makochi nje. Makochi! Na kwa dakika kadhaa hapakuwa na mtu aliyehesabu watoto. Mungu alituhurumia, bibi mmoja aliingia kwa mlango wa nyuma akamtoa mjukuu aliyekuwa amejificha chini ya kitanda. Nilirudi nyumbani nikitetemeka. Huruma tulikuwa nayo. Tulichokosa ni mafunzo, na mafunzo yangetugharimu Jumamosi mbili.

Ziko nchi ambazo wanavijiji wamelifahamu jambo hili kwa muda mrefu. Kule Chile, Amerika Kusini, wazimamoto ni watu wa kujitolea, tangu kikosi cha Valparaíso kilipoanzishwa mwaka 1851. Mwashi, mwalimu, daktari, muuza duka: kengele ikilia anaacha alichoshika. Hawalipwi mshahara, na wengi huchangia ada kutoka mfukoni mwao ili kikosi kiendelee. Ujerumani, nchi yenye mitambo mingi kuliko sisi, bado vijiji vyake vinalindwa na wanakijiji wenyewe, na nchi nzima ina takriban milioni moja ya watu wa namna hiyo. Wangeweza kungoja. Hawangoji.

Lakini ushujaa peke yake usituingize mkenge. Tarehe 2 Desemba 1998, huko Linton, katika jimbo la Victoria nchini Australia, wazimamoto watano wa kujitolea walikufa ndani ya gari lao. Walikuwa wametoka kikosi kimoja, walikwenda kusaidia eneo lisilo lao. Upepo uligeuka ghafla, na ule ubavu wa moto waliokuwa wanauangalia ukawa uso wa moto. Kwa ajili yao, tarehe 4 Mei ikawekwa kuwa siku ya kuwakumbuka wazimamoto duniani kote. Baada ya msiba ule wazimamoto wa Victoria walitilia mkazo amri moja ambayo nataka muichukue kama mnavyochukua Amri Kumi: usimalize maji yote kwenye moto, daima baki na akiba ya kujiokoa wewe na wenzako. Mnawakumbuka wanawali kumi na taa zao? Watano walikuwa na akiba ya mafuta. Mzimamoto mwenye busara ni wa ukoo wao. Anajua njia yake ya kutokea kabla hajaingia. Anautazama upepo kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Na mzee wa kundi akisema "rudini", hakuna kijana wa kubishana naye.

Kwa hiyo nawasihi. Sisi ni watu wa msaragambo. Mfongo ukiziba, mbiu inapigwa, kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea anatozwa faini, na hakuna anayeona ajabu. Desturi hiyo ilitulisha kabla hatujajua kusoma. Inatuwia vigumu kwa sababu gani kuwa na msaragambo wa moto? Kila kitongoji kiwe na kundi lake la watu wenye afya, wenye majina yaliyoandikwa, wenye kiongozi mmoja. Kiwe na kibanda cha mapanga, majembe, reki, ndoo na mablanketi, kibanda ambacho ufunguo wake hauendi sokoni na mtu. Tuwaombe watu wa Zimamoto na wa hifadhi waje kutufundisha, na wakija tusiwaachie ukumbi mtupu. Kengele ya kanisa ipewe mlio wa moto, nao ndugu zetu Waislamu kule chini watangaze kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa maana moto haujawahi kuuliza dhehebu.

Na akina mama, msikubali kuambiwa kazi yenu ni chai tu. Mnaoijua njia ya msituni kuliko mwanamume yeyote ni ninyi mnaokata majani na kuokota kuni katika ukanda wa nusu maili, pale pembezoni mwa msitu. Mnajua chemchemi iliyo hai na iliyokauka. Binti za Shalumu wako kwenye orodha, wameandikwa, hakuna aliyewafuta.

Sasa nina neno na wakuu wa Tekoa. Sura ile ile ya Nehemia inasema watu wa Tekoa walijenga, ila wakubwa wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi. Karne nyingi zimepita na bado tunalisoma jambo hilo. Ninyi watoto wetu mlioko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, mnaokuja Desemba na magari yakajaa barabara hadi hazipitiki: tunawapenda, tunawangoja mwaka mzima. Najua mnavyotoa kwenye kamati za harusi. Mwaka huu toeni mabuti. Toeni glavu za ngozi, tochi za kichwani, makoti ya baridi, na bima kwa kijana atakayevunjika mguu korongoni akiulinda mlima mnaoupiga picha. Shukrani haimvishi mtu buti. Mwaka 2020 watu walipanda kwa ndala, wapendwa, nasi tukawapigia makofi.

Mimi nina umri wa kutosha kukaa kando, na daktari amenikataza milima mirefu. Lakini naweza kugonga kengele. Naweza kushika daftari mlangoni mwa kibanda, nikaandika nani ameingia msituni, nikakaa hapo na taa hadi wa mwisho arudi na jina lake liwekewe alama. Jina langu ni la kwanza katika orodha hiyo, chini yake pana nafasi.

Karatasi iko kwenye meza ya wazee wa kanisa. Jumamosi, saa moja asubuhi, tunaanza kufyeka mpaka kati ya mashamba na msitu, kuanzia kwenye mfongo wa juu. Njoo na panga lililonolewa, na maji ya kunywa. Na ukipita kwa jirani yako asiyesali, mgongee dirisha.